Walipokuja kutupima masikio

Tangazo lilibandikwa Jumatano jioni, pale tunapogongea kadi. Karatasi moja yenye muhuri wa ofisi ya utumishi: wafanyakazi wote wa kitengo cha ufumaji watapimwa afya Jumatatu na Jumanne ya wiki inayofuata, kwa mujibu wa sheria, na asiyehudhuria atachukuliwa hatua. Chini yake yakafuata majina ya vipimo. Shinikizo la damu, macho, mapafu, masikio. Nilipofika kwenye neno la mwisho moyo ulinidunda mpaka nikajishika ukutani.

Wakati ule nilikuwa na miaka 14 ya kazi kwenye mashine za kufumia, katika kiwanda cha nguo jijini Dar es Salaam. Nataka kuandika habari za siku sita zile, kuanzia Jumatano hadi Jumatatu, kwa sababu najua wapo wanaozipitia hivi sasa, viwandani, migodini, kwenye karakana na mashine za mbao, na kila mmoja anadhani hofu hiyo ni ya kwake peke yake.

Mimi nilikuwa najua tayari. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikwenda nyumbani Korogwe kumwona mama. Usiku wa kwanza tulikaa uani baada ya kula, taa imezimwa, mbalamwezi imetanda. Nikamwuliza, "Mama, siku hizi nyenje wamekwenda wapi? Zamani hapa usiku walikuwa hawatuachii usingizi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona wanalia hivi sasa?"

Akanigeukia, mimi nikautazama mwembe. Hatukulizungumza tena. Alipoingia kulala nilibaki nje peke yangu, nikakinga kiganja nyuma ya sikio, nikageuza kichwa huku na huku. Sikumsikia nyenje hata mmoja. Nilichosikia ni ule mvumo mwembamba ninaokaa nao kichwani mchana na usiku, kama waya unaopigwa na upepo.

Na binti yangu alikuwa ameanza kidato cha kwanza, akilala bweni. Siku aliyofika shule alipiga simu: "Baba, nimefika." Mimi nikasikia "nimeshika". Nikamwuliza umeshika nini. Akarudia, nikauliza tena, mara ya tatu simu ikakatika, ukaja ujumbe wa maandishi. Tangu siku ile mtoto wangu hanipigii, ananiandikia. Anafanya hivyo kwa adabu, ili asinichoshe, na adabu hiyo iliniuma kuliko kama angenung'unika.

Kwa hiyo Jumatano ile sikuwa na shaka kwamba kipimo kingeonyesha kitu. Shaka yangu ilikuwa: wakishaona, watanifanya nini?

Kesho yake, kwa mama lishe, hakuna aliyezungumza jambo jingine. Mmoja alisema safari iliyopita waliokutwa na matatizo walirudishwa nyumbani kimyakimya, mikataba yao ilipoisha haikuandikwa upya. Mwingine akadai wakichukua damu wanapima na virusi vya UKIMWI kwa siri, halafu orodha inakwenda kwa meneja. Dada mmoja wa kitengo cha usokotaji alikaa anatusikiliza bila kula. Yeye kifua kilikuwa kinambana kila Jumatatu anaporudi kazini kutoka mapumziko, kikiachia kidogo kidogo kadiri wiki inavyosonga, na alikuwa ameapa kutomwambia daktari yeyote. Nilikuja kujua baadaye kwamba dalili hiyo ya Jumatatu ndiyo alama maarufu ya ugonjwa wa vumbi la pamba, bisinosisi, na kwamba daktari wa magonjwa ya kazi akisikia habari hiyo tu anajua pa kuanzia. Dada yule alikuwa na ufunguo mkononi akaukunjia ngumi.

Hilo la UKIMWI nilijibu palepale, maana nilikuwa nimewahi kuhudhuria semina ya chama cha wafanyakazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima ili aajiriwe au abaki kazini. Wakanisikiliza, lakini hawakutulia. Mtu anayehofia mkate wa watoto hatulizwi na jina la sheria, na mimi mwenyewe sikuwa nimetulia.

Halafu kulikuwa na mzee tuliyemwita Babu. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, mkongwe kuliko wote kwenye mashine, mtu aliyenifundisha kuunga uzi wa mtande, ule wa urefu wa kitambaa, ukikatika, bila kutazama. Alinivuta pembeni, akanieleza kwa midomo na vidole, maana mle ndani tunazungumza kwa kusomana midomo. Kipimo cha masikio, alisema, hakina ugumu. Unavishwa visikilizio, unapewa kitufe, ukisikia mlio unabonyeza. "Usihangaike kusikiliza. Mtazame mpimaji. Akitoa mlio, bega lake la kulia linashuka kidogo. Likishuka, bonyeza." Yeye alikuwa amefaulu mara tatu kwa njia hiyo.

Neno lake lilikuwa hilohilo, kufaulu. Sote tulikuwa tukilitumia. Umefaulu macho? Fulani alifeli mapafu. Kama mtihani wa darasa la saba, pale unapojua kwamba ukianguka shamba linakusubiri. Sijamlaumu Babu hata leo. Alinipa alichokuwa nacho, na alinipa kwa upendo.

Ijumaa usiku nilimketisha mke wangu ng'ambo ya meza, nikamwomba awe anagonga kidole chini ya meza nami nitazame bega lake. Alifanya mara mbili, akaacha.

"Baba watoto, ukifaulu itakuwaje?"

"Nitabaki kazini."

"Palepale kwenye mashine zilezile?"

"Ndiyo."

Akatazama mikono yake. "Kwa hiyo tunafanya mazoezi ili wakuache palepale panapokumaliza masikio."

Sikuwa na jibu. Lakini kodi ya nyumba nilikuwa nayo, na ada ya muhula wa pili, na dawa za presha za mama. Jumamosi na Jumapili niliendelea na mazoezi peke yangu, nikitazama mabega ya watu kwenye daladala.

Hapa niseme kidogo habari za mle ndani, kwa asiyewahi kuingia. Mashine ya kufuma inafanya kazi ya kuupitisha mshindio, uzi wa kukingama, kwenye mtande mara mamia kwa dakika, na kila mpito ni kishindo. Ziko nyingi chini ya paa moja la bati, kuta za tofali tupu. Kelele yake huzidi 95 kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kiwango ambacho wataalamu wengi wanakitumia ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa. Kanuni za kelele za jirani zetu Kenya za mwaka 2005 zinaruhusu hadi 90 kwa saa nane, na hata kwa kipimo hicho kilicholegea zaidi, shifti yangu moja ilikuwa imevuka mpaka kabla ya chai. Tulipewa vizibo vya masikio vya sifongo. Jozi moja ikakaa miezi. Hakuna aliyetuonyesha kwamba kizibo husokotwa kwanza kikawa chembamba, sikio likavutwa juu kwa mkono wa upande wa pili, kikaingizwa kikashikiliwa mpaka kitanuke. Tulikuwa tunakiweka mlangoni mwa sikio kama anayeziba chupa, kikianguka tunakiokota sakafuni. Wengi tulivitoa kabisa, ili tusikie sauti ya uzi ukikatika.

Jumapili nilipangiwa usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Zamu yangu ya kupimwa ilikuwa saa mbili. Nilitoka kwenye mashine, nikanawa uso, nikanywa chai ya rangi, nikapanga foleni na pamba imenijaa nywele.

Macho nilipita. Presha ilikuwa juu, na muuguzi alinitazama kama anayejua sababu. Kwenye mapafu unavuta pumzi mpaka kifua kijae, unapuliza mrija kwa nguvu zako zote mpaka usibakize kitu, mara tatu, na mipulizo isipolingana unarudia. Hapo hapadanganyiki kirahisi. Dada wa usokotaji alikuwa mbele yangu. Alirudia mara tano, kila mara akikohoa katikati, na alipoinuka alikuwa analia.

Kisha kile chumba kidogo cha masikio. Mpimaji alikuwa msichana mdogo, rika la mdogo wangu wa mwisho. Nikakaa nikimwelekea, macho yangu begani kwake. Akasimama, akakizungusha kiti changu taratibu.

"Baba, kaa uangalie ukuta."

Ukuta ulikuwa mweupe na una ufa mmoja ulioshuka kama mto kwenye ramani. Nikaukazia macho. Kichwani mvumo ulikuwa mkubwa kuliko siku zote, maana masikio yalikuwa yametoka kwenye kishindo cha saa nane. Nilisikia milio michache mizito. Halafu kikaja kimya kirefu, nami nikajua kwamba ndani ya kimya kile milio ilikuwa inapita. Nikaanza kubahatisha. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikabonyeza. Moja, mbili, nikabonyeza.

Akanivua visikilizio. Alikaribia akasema kwa sauti nzito na ya polepole, midomo wazi ili niisome, na kwa hilo nikajua ameshaelewa. "Baba, unabonyeza wakati sijatoa mlio. Ngoja nimwite daktari."

Nilijua yamekwisha. Nilikaa pale nikipanga namna ya kumwambia mke wangu.

Daktari hakuniuliza kwa nini ninadanganya. Aliuliza, "Kazi yako ni ipi, na umeifanya miaka mingapi?" Nikamjibu. "Na sasa hivi umetoka wapi?" Nikamwambia shifti ya usiku. Akaweka kalamu chini, akamgeukia mwakilishi wa kiwanda aliyekuwa mlangoni, akamwambia kwamba watu hawapimwi masikio wakitoka kwenye kelele. Baada ya kelele nyingi sikio huzubaa kwa muda, linahitaji mapumziko ya saa 14 au zaidi ndipo lionyeshe hali yake ya kweli. Akawarudisha wote waliotoka usiku. Mimi akanipangia Jumatano, nipumzike siku mbili, zisikatwe kwenye mshahara.

Miezi kadhaa baadaye nilisoma habari za Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena, Italia, aliyeandika kitabu cha magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700. Alitaka kila daktari, juu ya maswali yote aliyozoea kumwuliza mgonjwa, aongeze moja: kazi yako ni ipi? Humo aliwataja wafua shaba wa Venice waliokuwa wakiziwika kwa nyundo zao. Nilisimamisha kusoma hapo, nikatoka nje nikapunga hewa. Zaidi ya miaka 300. Watu wenye masikio kama yangu walikwisha kuandikwa kitabuni kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na sisi huku bado tunafundishana kutazama bega.

Jumatano nilirudi. Kiti kilikuwa kimeshaelekezwa ukutani. Safari hii niliposikia nilibonyeza, na nisiposikia nilikaa. Nilikaa mara nyingi. Jasho lilinitoka zaidi kwa kule kukaa kuliko kwa kubahatisha kote kwa Jumatatu.

Daktari alinichorea matokeo. Mstari wa sikio langu ulikwenda vizuri kwenye sauti nzito, mpaka ukafika kwenye milio myembamba ya hezi 4000, hapo ukaporomoka: mlio ulipandishwa hadi desibeli 55 ndipo sikio la kushoto lisikie, 50 la kulia, wakati mtu mwenye usikivu mzuri havuki 20 au 25. Kisha kwenye hezi 8000 mstari ukapanda tena kidogo. "Unaliona shimo hili?" aliuliza. "Uzee peke yake hushuka kama mteremko, hauchimbi shimo halafu ukapanda. Hii ni kelele." Akaeleza kwamba ndani ya kila sikio tunazaliwa na seli za vinywele zinazokaribia 16,000, na zikifa hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda. Sauti za nyenje ziko hukohuko kwenye shimo. Nazo s, f, sh, na k na t za kunong'ona, zote ni nyembamba. Irabu zinabaki. Nadhani ndiyo sababu nilijificha muda mrefu hivyo: karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia kwa irabu, nikawa nasikia wimbo wa sentensi na kujazia maneno mwenyewe.

Nikamwambia habari ya nyenje. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Akaandika kwenye faili.

Ndipo nikauliza lile swali. Kiwanda kitapata nini? Akanionyesha fomu mbili. Ya kwanza, yenye shimo langu na presha yangu, ni ya faili la tabibu, na nakala ni yangu, nina haki ya kuidai. Ya pili ndiyo inayokwenda kwa mwajiri. Ilikuwa na mistari miwili: anafaa kufanya kazi, kwa sharti, asifanye kazi mahali penye kelele inayozidi desibeli 85, apimwe tena baada ya miezi 12. Jina la ugonjwa halikuwemo.

Anafaa. Nilikuwa nimekaa siku saba nikingoja neno hafai.

Sitaki kuyapamba yaliyofuata. Afisa utumishi aliniita wiki iliyofuata akaniambia kwamba nafasi ya mtu asiyeweza kukaa ufumaji haipo, nifikirie "kuondoka kwa maelewano". Nilikwenda na mwakilishi wa chama. Yeye hakupaza sauti. Aliweka mezani Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazotokana na sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004, akasoma pale panapomtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya afya, atazame chanzo cha tatizo, ukubwa wake, na kazi nyingine inayoweza kumfaa, na kwamba aliyeumizwa na kazi yenyewe anastahili juhudi kubwa zaidi. Akakumbusha kwamba mtu akiachishwa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kikao kilichukua saa nzima. Tulitoka na barua ya kunihamishia chumba cha ukaguzi wa vitambaa, mshahara uleule. Posho ya usiku niliipoteza, na nyumbani pengo lake linaonekana.

Hatukupita bila kugusa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wenzangu wengi walidhani ni wa waliokatwa vidole tu. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015, anayeuchangia ni mwajiri, tangu Julai 2022 kwa asilimia 0.5 ya mishahara, wala hakikatwi kitu kwenye mshahara wa mfanyakazi. Magonjwa yanayotokana na kazi yamo, na kuharibika masikio kwa kelele ni mojawapo. Dai lina muda, miezi 12, na ndiyo maana ile karatasi yenye shimo ina thamani. Kila mwaka niliokuwa najifunza kutazama bega ungekuwa mwaka wa rekodi safi inayosema sikio hili ni zima. Babu ana karatasi tatu za namna hiyo. Amestaafu mwaka jana, na simu yake anaipokea mjukuu.

Dada wa usokotaji alimwambia daktari kuhusu Jumatatu zake. Alipewa dawa, akahamishwa ghala la nguo zilizokamilika. Bado anakohoa, ila ngazi anazipanda bila kusimama.

Mimi mvumo ninao bado, na nitakuwa nao. Nimemwambia binti yangu apige simu tena, aseme polepole, na kama sijasikia aseme kwa neno jingine badala ya kurudia lilelile. Sasa husema, "Baba, nipo shuleni." Hilo nalisikia.

Wiki iliyopita tangazo lilibandikwa tena. Kijana mmoja wa ufumaji, mwaka wake wa tatu, alinifuata chumba cha ukaguzi, akafunga mlango.

"Kaka, wanasema wewe unajua kipimo cha masikio. Nifanyeje?"

"Umepangiwa shifti gani Jumapili?"

"Usiku."

"Kambadilishe mtu leo, au kamwambie mwakilishi wa chama. Usiende ukitoka kwenye mashine. Na watakuweka uangalie ukuta."

"Nikisikia nibonyeze."

"Ndiyo."

Akasimama kidogo, mkono kwenye kitasa. "Na nisiposikia?"

"Usibonyeze."

Hakuondoka. Akauliza kama karatasi yangu ninayo, nikaitoa kabatini, nikaikunjua mezani juu ya kitenge nilichokuwa nakikagua, nikamwonyesha shimo lilipo.